Tarn, Jonte na Causse Méjean: tathmini ya njia kwa miguu iliyozoea Kerio

Mwendesha baiskeli wa Nakuru hupima kila barabara kwa mambo mawili: malori ya barabara kuu ya Eldoret, na ule mteremko wa kutoka Iten kupitia Tambach hadi bonde la Kerio. Kwa vipimo hivyo, mzunguko huu wa kusini mwa Ufaransa unastahili alama za juu kabisa kwa utulivu na za wastani kwa ugumu. Wengi huusifu kwa picha za korongo la mto Tarn. Korongo ni zuri kweli, lakini ukimya haupo huko. Upo juu, kwenye uwanda wa Causse Méjean, na safari nzima inafaa ipangwe kwa ajili ya uwanda huo.

Mzunguko wenyewe ni huu: Millau hadi Le Rozier, kisha barabara ya D996 kando ya mto Jonte hadi Meyrueis, kisha D986 kuvuka Causse Méjean hadi Sainte-Enimie, halafu kurudi Le Rozier kwa kufuata Tarn, na mwisho Millau. Jumla ni karibu kilomita 130. Asiyetaka siku ndefu aanzie Le Rozier na kuishia hapo hapo, atapunguza kama kilomita 40 na hatakosa sehemu yoyote ya maana.

Barabara hizi zimebaki tulivu kwa sababu malori yana njia yake. Barabara kuu ya A75 hupita juu ya daraja la Millau lililofunguliwa 2004, ambalo kilele chake kinapita mita 330, na magari ya safari ndefu hayana haja ya kushuka mabondeni. Ukitaka kujitafutia njia nyingine eneo hilo, nunua ramani ya karatasi ya Michelin. Barabara nyeupe ndizo zenye magari machache, mstari wa kijani pembeni maana yake mandhari mazuri, na vile vishale vidogo vinaonyesha mwinuko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo. Usitegemee simu peke yake, kwa kuwa ndani ya korongo mtandao hukatika.

Kupanda kando ya Jonte ndiyo sehemu bora ya nusu ya kwanza. Ni kama kilomita 21, mita 300 tu za mwinuko zimetawanywa polepole, na kwa kuwa Wafaransa huendesha upande wa kulia, mto unakuwa upande wako njia nzima. Tazama juu pia. Tumbusi wakubwa wanaozunguka kwenye kuta za mawe walikuwa wametoweka kabisa eneo hili, wakarudishwa porini kuanzia 1981.

Meyrueis ndipo mahali pa kujaza chupa zote, na hili si pendekezo, ni sharti. Uwanda wa juu umejengwa kwa mawe ya chokaa, na mvua ikinyesha maji hupenya nyufa na kuzama chini kabisa, kisha huibuka kwenye chemchemi za makorongoni. Huko juu hakuna mto wala kijito. Wafugaji wa kondoo huchimba vidimbwi vilivyosakafiwa kwa mawe ili mifugo ipate kunywa, na maji hayo si ya binadamu. Chupa mbili za mililita 750 zinatosha Mei na Septemba; Julai ongeza ya tatu. Kwenye vijiji, bomba lililoandikwa "eau potable" ni salama, na lililoandikwa "non potable" liache. Ukikwama, tafuta makaburi ya kijiji: mengi yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa huko huyategemea. Angalia kibao kwanza.

Kutoka Meyrueis barabara hupanda kama mita 300 hadi ukingo wa uwanda. Kwa aliyezoea kupanda kutoka Kerio, ambako mwinuko ni zaidi ya mita 1,000, huu ni mlima wa kuchangamsha miguu. Hewa nayo itakupendelea, kwani uwanda uko kwenye kimo cha karibu mita 1,000 huku Nakuru ikiwa juu ya mita 1,800. Hatari ni kwamba mtu hujiona ana nguvu, akaenda kasi mno, kisha akakutana na upepo. Juu hakuna miti ya kuuzuia. Ni nyasi, mawe na anga, na upepo wa mbele utakula nguvu zaidi ya mlima wenyewe. Gia za mbele meno 34 na nyuma meno 30 zinatosha kwa mzunguko huu.

Uwanda wenyewe hauna mfano wa karibu kwetu, labda nyanda za juu za Kinangop zikiondolewa mashamba na watu. D986 ndiyo barabara kuu ya huko, na bado unaweza kwenda muda mrefu bila kusikia injini. Ukiacha njia kuu na kukata kwa barabara nyeupe kupitia vijiji vidogo, utulivu unazidi, ila lami inakwaruza na kokoto ni nyingi. Tairi za milimita 28 ni za chini kabisa hapo; 32 ni bora. Pango la Aven Armand liko kando ya njia, na ni mahali pazuri pa kupumzika.

Mteremko wa kuingia Sainte-Enimie unahitaji akili. Ni karibu mita 500 kwenda chini kwa kona kali. Vaa jaketi jepesi la upepo kabla ya kuanza, maana jasho la uwandani hugeuka baridi haraka. Mwenye breki za rimu ashike kwa vipindi, kwa nguvu kabla ya kona kisha aachie, kwa kuwa kushika mfululizo huchemsha rimu na tyubu inaweza kupasuka. Kibao kilichoandikwa "gravillons" maana yake lami imetandikwa upya na kokoto bado hazijashikana. Punguza mwendo kabla ya kona, usipinde baiskeli, na usiguse breki ya mbele ukiwa ndani ya kona. Na kama baiskeli ni ya kukodi, jaribu breki kabla ya kuondoka: kwa kawaida huko mkono wa kushoto ndio breki ya mbele, kinyume cha baiskeli nyingi za kwetu. Wengi huanguka kwa kosa hilo moja.

Korongo la Tarn linapoteza alama kwa msimu. Julai na Agosti, D907bis hujaa magari ya kambi na trela za mitumbwi. Barabara ni nyembamba, mwamba umening'inia upande wako, na magari marefu hukwepa mwamba huo kwa kuingia katikati. Kuna mahandaki mafupi yasiyo na taa, hivyo taa ya mbele na ya nyuma ni lazima hata mchana. Ukienda Mei, Juni au Septemba, au ukipita kabla ya saa tatu asubuhi, kero hiyo karibu yote huisha. Kati ya Sainte-Enimie na La Malène nenda polepole, ni mahali pa macho.

Chakula kinahitaji mpango kuliko kilomita. Jikoni za mikahawa hupokea wateja kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, kisha hufunga hadi jioni. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, Jumapili alasiri, na mengi Jumatatu. Hakuna kibanda cha chai na mandazi kila kilomita mbili kama barabara ya Kisumu kwenda Maseno. Nunua mkate na jibini asubuhi, ubebe.

Ukirudi Le Rozier, vuka Jonte hadi Peyreleau na ushike D187 kupitia La Cresse na Paulhe. Usirudi kwa D907 ya ng'ambo, ambayo hubeba magari yote ya Millau. D187 ina vilima vidogo vya kuuma mwishoni, lakini miti yake inatoa kivuli hadi karibu na mji.