Jioni nzima kwa neno "sorry"

Nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka tisa, kwanza nikiwa mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, sasa mwongozaji msaidizi. Mwaka juzi, pale ukuta wa Barranco, mwamba mkali tunaoukwea, mama mmoja Mwingereza aliteleza akachubuka goti. Nikasema "sorry", kama nilivyozoea tangu shule. Akaniambia si kosa langu. Nikarudia, "Sorry, sorry, madam." Basi akaanza kunibembeleza yeye, damu bado inamtoka.

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye darasa la jioni la watu wa utalii, karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Shilingi 60,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki.

Mwalimu alilitengea neno hilo moja jioni nzima. Kwa Mwingereza, alisema, kazi yake kubwa ni samahani: amekukanyaga, amechelewa, amekukata kauli. Akilisema kwa kupandisha sauti mwishoni, "Sorry?", hakukusikia, rudia. Kwenye msiba au habari mbaya ndipo linakuwa pole, na hapo huongezewa maneno: "I'm so sorry to hear that." Sisi tukalichukua tukalibebesha pole zetu zote, ya safari, ya kazi, hadi ya mafua. Kisha akatueleza kwamba limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililo ndugu wa "sore", yaani penye maumivu. Nilifurahi mno. Kumbe pole yetu haiko mbali na shina lake!

Hakutukataza kulisema. Alituzoesha kuanza na "Are you all right?" huku mkono umeshanyooshwa, tukaigiza wawili wawili, mmoja anaanguka, mwenzake anamwinua. Zoezi hilo peke yake lina thamani ya ada yote.

Vitini vimefifia, havisomeki. Tulikuwa 28 chumba kimoja, bila spika, kwa hiyo lafudhi za Waskoti na Waaustralia hatukuzisikia kabisa, na hizo ndizo zinazotutesa mlimani.

Februari, juu ya kambi ya Horombo, nilimwambia mgeni apunguze mwendo, akajibu "Sorry?" Zamani ningedhani ananiomba radhi. Nikarudia kwa sauti, maana upepo ulikuwa mkali, naye akapunguza.

Nimeshalipia mwezi wa pili. Nataka tufike kwenye "quite", kwa sababu mgeni akisema supu ni "quite good" bado sijui kama ameipenda.