Huduma ya kusasisha butiloda, Moshi mjini
Karakana hii iliyo jirani na stendi kuu inastahili sifa kwa uangalifu wake. Kabla ya kugusa butiloda, yaani programu ya kwanza inayoiwasha mashine, ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja inayoendesha pampu yetu ya kumwagilia migomba, fundi alinakili mipangilio ya zamani, akahakiki faili jipya, kisha akaiunganisha bodi na betri, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika, chipu hubaki na programu nusu na mashine haiwaki. Katika modeli hii butiloda hukaa kwenye chipu ya EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, si kwenye kadi ya kumbukumbu, na ikiharibika hurejeshwa kwa kadi maalumu ya uokoaji. Hata hiyo aliiandaa mapema, na hapo ndipo nilipomwamini kabisa. Bei iko juu kidogo. Risiti nayo haitaji toleo lililowekwa, kasoro ninayoomba irekebishwe.