Darasa la ngoma na maigizo, Magomeni Bagamoyo: mafunzo mazuri, wageni wengi mno

Mpwa wangu wa miaka 14 aliletwa kwangu Bagamoyo baada ya nyumba yao kuingiliwa na maji katika masika ya 2024, mwaka ambao kimbunga Hidaya nacho kilifika pwani yetu mwezi Mei. Usingizi ulikuwa wa shida, na akiulizwa jambo hujibu kwa kutikisa kichwa. Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye kikundi hiki, kinachofundisha vijana Jumatano na Jumamosi kuanzia saa kumi jioni kwa ada ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Walioathiriwa na mafuriko hawatozwi.

Mwalimu wa ngoma amesomea TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile tuliyoizoea kwa jina la Chuo cha Sanaa tangu 1981, na ustadi wake unaonekana zaidi katika yale asiyoyafanya. Siku ya kwanza hakumwuliza kijana habari za mafuriko, wala hakumlazimisha kushika ngoma. Kwa kuwa unyevu hulegeza ngozi ya ngoma ikatoa sauti ya debe, alimpa kazi ya kuwasha makuti na kuzipasha moto ngoma za msondo na chapuo, akimwonyesha namna ya kuigonga ngozi kwa ncha za vidole ili kusikia kama imekaza, kwani ikizidishiwa moto hupasuka. Kwa wiki mbili mpwa wangu alikuwa mtu wa moto tu. Wiki ya tatu nilimsikia akimkemea mwenzake, kwa sauti kubwa, kwamba msondo bado haujaiva.

Upande wa maigizo, vijana hutunga kisa cha watu wa kubuni na kukisimamisha katikati, kisha watazamaji hushauri mhusika afanye nini. Kutumia jukwaa ili vijana waseme yanayowakera si jambo geni nchini: mpango wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya aina hiyo. Aidha, Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2019 ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaonyesha kwamba sanaa husaidia katika kukinga maradhi na kuwauguza wagonjwa. Hata hivyo, ngoma si dawa ya kila kitu, na nilifurahi mwalimu aliponishauri mwenyewe nimpeleke kijana hospitali kwa ajili ya ule usingizi.

Kasoro zipo. Saa kumi yao mara nyingi ni saa kumi na moja kasoro, na choo kinahitaji mlango. Lililoniudhi hasa ni siku walipokuja wageni wafadhili, vijana wakaombwa kusimama mmoja mmoja kueleza walivyopoteza nyumba, huku simu zikiwarekodi. Binti mmoja alilia, na kipindi kizima cha Jumamosi kikaishia hapo. Yaani kile ambacho mwalimu alikiepuka kwa miezi miwili kilifanyika kwa dakika kumi, ili picha zipatikane. Nilimweleza msimamizi, naye akakiri kwamba hawakuwa wametuomba idhini sisi walezi.

Mpwa wangu anaendelea nao, na nimekubaliana na mwalimu kwamba wageni wakija tena, kijana atabaki uani na makuti yake.