Lagaan na Chak De! India kwa Kiswahili: Jumamosi Mbili Ukumbini Kawangware

Kwa shilingi 50 unapata nafasi kwenye benchi la mbao na sauti ya kijana anayeketi kando ya skrini, akiifasiri filamu ya Kihindi papo kwa papo kwa kipaza sauti. Nimehudhuria ukumbi huu wa mabati wa Kawangware, Nairobi, Jumamosi mbili mfululizo, nami naona huduma yake inastahili kupimwa kwa uzito, kwa sababu mfasiri ndiye anayeamua iwapo watazamaji wataona mchezo tu au wataona pia mzigo ambao mchezo umebebeshwa.

Jumamosi ya kwanza ilionyeshwa Lagaan, filamu ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Ashutosh Gowariker, ambamo wanakijiji wa mwaka 1893 wanacheza kriketi na maafisa wa jeshi la Waingereza: wakishinda, kodi inafutwa kwa miaka 3, wakishindwa, wanalipa mara 3. Jina la filamu lilifasiriwa kwa neno moja, "kodi", na mzee aliyeketi mbele yangu akaongeza, "Kama ile ya kichwa." Tangu hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa kriketi ili ajue amshangilie nani.

Uhodari wa kijana huyu ulidhihirika alipoingia Kachra, mtu wa tabaka la wasioguswa, la chini kabisa katika jamii ya Kihindu, ambaye mkono wake wenye ulemavu ndio unaoufanya mpira uzunguke kwa namna isiyotabirika. Bhuvan, kiongozi wa timu ya wanakijiji, anapotaka kumwingiza kikosini, wenzake wanakataa katakata. Ingekuwa rahisi kusema kwamba wanamdharau kwa umaskini wake, lakini mfasiri alieleza kwamba wanaogopa kunajisika, na kwamba katika kriketi mpira hupita mkono kwa mkono, hivyo asiyetaka kumgusa mwenzake hawezi kucheza naye. Ukumbi mzima ulitulia tuli. Kama angeongeza kwamba jina Kachra maana yake ni takataka, nisingekuwa na la kudai.

Chak De! India, ya mwaka 2007, haikutendewa haki hiyo. Kabir Khan, nahodha Mwislamu aliyetuhumiwa kuiuzia Pakistan mechi ya mpira wa magongo, anarudi akiwa kocha wa timu ya taifa ya wanawake na kuwataka wachezaji wajitambulishe. Kila anayetaja jimbo lake anatolewa mstarini, hadi mmoja anapotaja India. Mfasiri, aliyekuwa na haraka ya kufika kwenye mechi, alisema tu, "Wanajitambulisha." Niliumia, kwa sababu katika jiji hili, ambako jina la mtu hufuatwa upesi na swali la kwao ni wapi, tukio hilo lingeeleweka kuliko bao lolote, tena Kenya ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la magongo mwaka 1971, ikiwa na Wakenya wenye asili ya Kihindi kikosini.

Spika ya kushoto inakwaruza, kwa hiyo keti kulia. Nilipomweleza mfasiri malalamiko yangu baada ya onyesho, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nimwandikie majina ya majimbo yale ili airudie filamu hiyo vizuri. Nimemwandikia, itaonyeshwa tena Jumamosi ijayo, saa nane mchana.