Uzoefu wangu: Bacon's Castle, nyumba ya matofali ya mwaka 1665 huko Virginia, Marekani

Nilivuka mto James kwa pantoni kutoka Jamestown, bila nauli, kisha nikaendesha gari katikati ya mashamba ya kaunti ya Surry. Nyumba za kikoloni za Virginia nimeziona kadhaa. Hii ndiyo iliyonigusa zaidi.

Kabla ya kuingia, izunguke kwanza. Arthur Allen, mwenye shamba hili, aliijenga mwaka 1665, na mwaka huo haukukisiwa, kwani pete za miti kwenye mbao zake, ambazo huonyesha mwaka mti ulipokatwa, zimeuthibitisha. Majirani zake wengi waliishi kwenye nyumba za mbao zenye nguzo zilizochimbiwa ardhini, ambazo zilioza zikatoweka. Yeye alijenga kwa tofali. Simama ubavuni mwa nyumba utazame juu: dohani tatu zimepangwa sambamba, kila moja imegeuzwa pembe mbele, na ukuta unaozibeba umepanda kupita paa kwa mikunjo na vidaraja. Mbele kuna mnara wa kibaraza na nyuma mnara wa ngazi, hivyo msingi wote una umbo la msalaba. Ujenzi wa namna hii ni adimu mno Marekani. Nilikaa hapo karibu nusu saa, na ningeweza kukaa zaidi.

Jina, yaani "Ngome ya Bacon", linapotosha. Nathaniel Bacon hakuishi hapa. Katika uasi aliouongoza mwaka 1676 dhidi ya gavana wa Virginia, William Berkeley, wafuasi wa Bacon waliiteka nyumba wakakaa humo miezi kadhaa. Mwenye nyumba wakati huo, mtoto wa Allen, alikuwa upande wa gavana.

Sehemu iliyoongezwa katikati ya karne ya 19 niliipita haraka. Bustani ya karne ya 17, iliyofukuliwa na wanaakiolojia miaka ya 1980, inastahili matembezi.

Lakini tafadhali usiondoke bila kufika kwenye nyumba ya watumwa, ya mbao, iliyojengwa karibu mwaka 1830. Nilikuwa nimetoka tu kugusa kuta nene za tofali, na hapa mkono ulikutana na ubao mwembamba. Utajiri wa shamba hili ulianzia kwenye tumbaku, na kwa vizazi vingi waliolilima walikuwa watu waliotiwa utumwani. Nilipotoka nilizitazama tena zile dohani, na sikuweza kuzisifu kama mwanzo bila kuwakumbuka.

Tenga saa tatu, na usiiache nyumba ya mbao kwa dakika za mwisho.