Bunduki ya maji ya kujaza upepo: uzoefu wangu baada ya likizo nzima

Niliinunua Kariakoo kabla ya likizo ya Desemba kwa shilingi 18,000. Wanangu walikuwa wamechoshwa na vile vibastola vya bei ndogo ambavyo kila ukivuta kifyatulio vinatema maji kidogo mbele ya miguu yako. Hii ina tangi la lita moja kwa juu na pampu chini ya mtutu. Ni ya rangi ya chungwa na kijani inayong'aa, na niliichagua makusudi, maana sitaki mtoto abebe barabarani kitu kinachofanana na silaha ya kweli.

Kwa nguvu, imeniridhisha kabisa. Ukipiga pampu mpaka mkono uhisi ugumu, maji yanavuka uwanja wetu na kugonga ukuta wa upande wa pili, hatua kama kumi za mtu mzima. Lakini usijaze tangi mpaka juu. Maji hayabanwi, upepo ndio unaobanwa, na huo ndio unaoyasukuma. Acha robo ya tangi wazi. Wazo la kutumia upepo uliobanwa kwenye kichezeo cha aina hii ni la Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Mwaka 1982 alikuwa akijaribu pampu ya joto (mtambo wa kuhamisha joto, kama ule wa friji) inayotumia maji, yakachomoka kwa kasi, naye akaona mchezo ndani yake. Bunduki yake iliingia sokoni mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Super Soaker.

Udhaifu wa mtindo huu ni kwamba nguvu haidumu. Maji yakipungua, upepo unapata nafasi ya kutanuka na presha inashuka, hivyo katikati ya mchezo lazima upige pampu tena. Mwanangu mkubwa anaifurahia kazi hiyo. Mdogo haiwezi, na tangi likijaa linamwelemea.

Sasa uimara, jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Plastiki yenyewe ni nzuri: imeanguka kutoka barazani hadi kwenye sementi bila kupasuka. Kilichochoka mapema ni oringi ya pampu, yaani pete ya mpira inayozuia upepo usivuje. Upepo ukaanza kuvuja, unapiga pampu na mkono hausikii kitu. Bahati nzuri pande zake mbili zimefungwa kwa skrubu, hazikugandishwa kwa gundi, kwa hiyo niliifungua kwa bisibisi. Oringi ilikuwa imekauka na imejaa mchanga wa Kigamboni. Nilipata nyingine ya saizi ile ile kwenye duka la spea za pikipiki kwa bei ya chini mno, nikaipaka grisi ya silikoni. Msitumie grisi ya gari, kuna mipira inavimba na kulegea ikiguswa na mafuta hayo.

Adui wa pili ni maji yetu. Sisi tunaotumia kisima hapa Dar tunajua yalivyo na chumvi. Yakikaukia ndani yanaacha ukoko mweupe kwenye tundu la mbele, na maji yanaanza kutoka upande. Niliiloweka ile ncha kwenye siki usiku kucha, ikafunguka. Tangu hapo kila mchezo ukiisha, hasa wa baharini, tunaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, tunaachia presha yote na kuiweka kivulini. Tangi lilishaanza kufifia kwa jua kabla ya utaratibu huo.

Na mtu asipigwe usoni kwa karibu. Ikiwa na presha kamili inaweza kuumiza jicho, na kwangu anayevunja sheria hiyo ananyang'anywa.

Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, ningeinunua tena bila kusita, mradi ukague dukani kama ina skrubu. Kwa mdogo wake nimechukua ile ya bomba, ya kuvuta maji kwenye ndoo na kuyasukuma kwa mkono. Hairushi mbali hivyo, lakini haina tangi la kumlemea wala presha ya kujaza.