Kozi ya urejelezaji wa plastiki Unguja: kuchambua wanafundisha vyema, soko wamelipitia juu juu

Kozi fupi ya urejelezaji wa plastiki inayotolewa na karakana moja ya binafsi, nje kidogo ya mji wa Unguja, inamfaa sana mtu anayetafuta kazi ya mikono, na inampungukia anayetaka kufungua biashara yake mwenyewe. Nasema hivyo nikiwa mtunza stoo wa nyumba ya wageni huko Paje, niliyekwenda kusoma kwa sababu chupa tupu zilikuwa zikirundikana nyuma ya jiko na tajiri wetu alitaka awepo japo mtu mmoja anayejua zinapaswa kwenda wapi. Jina la karakana naliacha kwa makusudi, kwani kasoro nitakazozieleza zinaweza kurekebishwa kabla ya darasa lijalo kuanza.

Sehemu kubwa ya muda, na hilo nawapongeza, hutumika mezani katika kuchambua. Wengi wetu tulifika tukiitazama mashine, tukidhani ndiyo kazi yenyewe, kumbe plastiki iliyochanganyika haina thamani hata ingesagwa na mashine ya namna gani. Tulifundishwa makundi saba yanayotambulika kwa namba iliyozungukwa na mishale mitatu: namba 1 ni PET ya chupa za maji na soda, namba 2 ni polithini nzito ya madumu na chupa za sabuni, namba 3 ni PVC ya mabomba na baadhi ya chupa, namba 5 ni polipropilini ya ndoo na vifuniko vingi. Tatizo ni kuwa namba hufutika, na taka iliyopigwa na jua na chumvi ya ufukweni mara nyingi haina namba wala lebo. Hapo ndipo mwalimu wetu, mama aliyeianza kazi hii kwa kuokota chupa mwenyewe, alipodhihirisha ustadi wake. Alimwaga chenga zilizokwisha kusagwa ndani ya ndoo ya maji, akazikoroga kwa mkono, na baada ya muda mfupi chenga za vifuniko zikawa zimeelea na za chupa zimezama, akaziengua za juu kwa chujio la kawaida la jikoni. PET ni nzito kuliko maji, ilhali polithini na polipropilini ni nyepesi.

Hata hivyo, PVC nayo huzama, kwa hiyo ndoo peke yake haiitenganishi na PET. Kijana mmoja wa Bumbwini alipochanganya chupa mbili zilizofanana kwa kila kitu, mwalimu alimwambia, "Mwanangu, tazama kitako." Chupa ya PET ina kinundu kidogo katikati ya kitako, na ya PVC ina mstari uliokikata kitako. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa, kwa sababu PET huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi, na kwenye joto hilo PVC huungua na kutoa gesi ya asidi inayokula chuma cha mashine na kuibadilisha rangi plastiki yote iliyomo. Mnunuzi akizikuta chupa za namna hiyo ndani ya robota, yaani mzigo uliobanwa na kufungwa, hulikataa robota zima, na gharama ya kulivusha bahari imekwisha lipwa.

Somo la joto lilikuwa fupi lakini la wazi. Polithini nzito huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na polipropilini kwenye 160, ndiyo maana karakana ndogo huweza kuzigeuza kuwa vigae, mabakuli au mbao za plastiki. PET inahitaji kukaushwa sana kabla ya kuyeyushwa, la sivyo unyevu huivunja kwa ndani na bidhaa hutoka dhaifu, yenye kuvunjika upesi, isiyohimili hata kuanguka. Kwa hali ya hewa yetu, ni busara kuisaga au kuifunga robota na kuiuza.

Mashine zao zimetengenezwa hapa hapa na mafundi wa kuchomelea, kwa kufuata michoro ya Precious Plastic, mradi ulioanzishwa na Dave Hakkens wa Uholanzi mwaka 2013 na ambao michoro yake hutolewa bure. Naona kozi ingeongeza siku za kunoa na kubadilisha visu, maana plastiki ya ufukweni huja na mchanga, na mchanga hula makali haraka. Fundi wa visu angepata kazi kwa urahisi kuliko mtengeneza mabakuli, na hakuna aliyetuambia hivyo. Tulijionea wenyewe mashine ilipokwama na darasa zima likakaa kusubiri.

Kasoro kubwa zaidi ni usalama. Chumba cha kuyeyushia hakina feni ya kutoa moshi, vizibo vya masikio havikuwapo karibu na mashine ya kusagia, na glovu zilikuwa chache hata ikabidi tupokezane. Mtu anayefundishwa kazi hatarishi hufundishwa pia desturi zake, na desturi mbaya ikishazoeleka huwa vigumu kuiondoa.

Kuhusu soko tulipewa mhadhara mmoja tu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo Juni 2019, lakini chupa na madumu yamebaki, na mahoteli ndiyo yanayozalisha chupa kwa wingi. Mahoteli hayo yanahitaji watu wa kusimamia uchambuzi jikoni na stoo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ajira iliyo karibu zaidi na mhitimu wa kozi hii. Ilipasa tufundishwe kusoma mizani, kuandika hati ya makabidhiano, kukadiria nauli ya chombo hadi Dar es Salaam na kupatana bei ya kilo. Badala yake tulisimuliwa kwa kirefu habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kupambwa kwa vipande vya kandambili, lililosafiri hadi Unguja mwaka 2019. Ni kisa kizuri, nami nilikifurahia, ila hakikunisaidia kujua robota moja liuzwe kiasi gani.

Cheti chao ni cha karakana, hakitolewi na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na jambo hilo lingepaswa kuelezwa kabla ya kupokea ada. Anayetaka cheti cha kuombea kazi serikalini aanze kwa kuulizia vituo vya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji kwa walio Pemba, hata kama huko atasomea uchomeleaji au umeme, kwani fani hizo ndizo zinazotengeneza mashine za urejelezaji. Mwenye ajira tayari, kama mimi, anaweza kulipa ada hii bila majuto, ila aende na glovu zake mwenyewe na aombe kukaa siku moja zaidi kwenye meza ya kuchambulia.